Maswali ya Wasomaji: Barua Taka Zinazojificha Ndani ya Picha

Barua kadhaa tulizopokea kwa ajili ya safu hii zinazunguka jambo moja, nalo ni matangazo ya ulaghai yanayoingia kwenye barua pepe yakiwa picha tupu, bila maneno ambayo kichujio kinaweza kuyasoma. Tumechagua maswali matano na kuyafupisha pale ilipobidi. Jambo hili lina pande mbili, yaani kuizuia taka na kuilinda barua halali isizuiwe pamoja nayo, na tunawaomba wasomaji wasichukue upande mmoja wa majibu haya wakauacha wa pili.

SWALI: Mimi ni katibu muhtasi katika shule ya sekondari ya binafsi, na anwani ya shule ni ya Gmail. Nimeweka vichujio vinavyotafuta maneno kama “mkopo”, “bahati nasibu” na “umeshinda”, lakini kila asubuhi nakuta barua zenye maneno hayohayo kwa herufi kubwa, na chini yake namba ya simu. Nikijaribu kuyanakili maneno hayo, hayashikiki. Je, vichujio vyangu vina kasoro, na nifanye nini ili barua hizi zisifike kwa Mkuu wa Shule?
Katibu muhtasi, Morogoro

JIBU: Ndugu Katibu, vichujio vyako havina kasoro, vimepewa kazi ambavyo haviwezi kuifanya. Kila herufi ya kawaida katika barua pepe huhifadhiwa kwa namba yake maalumu, na kichujio kinapotafuta neno “mkopo” hulinganisha mfululizo wa namba hizo. Neno lililochorwa ndani ya picha, kinyume chake, ni nukta za rangi tu, zile ziitwazo pikseli, na hakuna mahali popote ndani ya faili ambapo herufi zake zimeandikwa kwa kufuatana. Kule kushindwa kuyanakili maneno ndiko kipimo chenyewe, na mtu yeyote ofisini anaweza kukitumia: maneno yasiyoshikika kwa kipanya ni picha.

Mbinu hii ina historia inayofaa kujulikana, kwa sababu inaeleza kwa nini taka ya picha imeumbwa jinsi ilivyo. Mwaka 2002 mwanaprogramu Paul Graham alichapisha makala iliyoonyesha kwamba kichujio kinaweza kujifunza chenyewe, kwa hesabu za uwezekano, ni maneno gani hupatikana zaidi katika taka na yapi hupatikana zaidi katika barua halali. Vichujio vya namna hiyo vilienea haraka, watumaji wa taka wakabanwa, na jibu lao likawa kuyaondoa maneno. Katika mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2007 masanduku ya barua duniani yalifurika picha, nyingi zikisifu hisa za kampuni ndogo za Marekani ambazo mlaghai alikuwa amezinunua kwa bei ya chini. Walioshawishika walipozinunua na bei ikapanda, yeye aliuza zake na kuwaachia hasara. Machi 2007, SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya hisa nchini Marekani, ilisimamisha biashara ya hisa za kampuni 35 zilizokuwa zikitangazwa kwa barua taka. Hisa ziliwafaa walaghai kwa sababu mpokeaji hakuhitaji kubofya kiungo chochote. Ilitosha akumbuke jina la hisa. Picha zako za mikopo zinafuata njia hiyohiyo, isipokuwa badala ya jina la hisa zina namba ya simu.

Kwa kuwa maneno hayasomeki, barua ipimwe kwa mambo yanayosomeka: imetoka kwa nani, imeelekezwa kwa nani, ina maandishi kiasi gani nje ya picha, na picha yenyewe ni ya aina gani na uzito gani. Karani wa masjala mwenye uzoefu hutenga barua nyingi kwa kuitazama bahasha tu kabla ya kuifungua, na kichujio cha picha hufanya kazi ya namna hiyo.

Kabla ya hatua zenyewe nasisitiza jambo ambalo maelekezo mengi ya kiufundi hayalizingatii. Katika ofisi zetu picha ni hati. Mzazi hupiga picha stakabadhi ya benki na kuituma bila kuandika neno hata moja. Ofisi ya kata hupiga picha barua yenye muhuri. Shule jirani hutuma ratiba ya mitihani ya ujirani mwema ikiwa picha ya karatasi iliyobandikwa ukutani. Kichujio kinachofuta kila barua yenye picha na isiyo na maandishi kitaifuta stakabadhi ya mzazi pamoja na tangazo la tapeli, na mwanafunzi atarudishwa nyumbani kwa ada ambayo imekwisha kulipwa. Kwa sababu hiyo kichujio cha picha kisipewe kamwe amri ya kufuta. Kipewe amri ya kutenga, na mtu akague.

Ingia Gmail kwa kivinjari cha kompyuta, kwa kuwa programu ya simu haina nafasi ya kutengeneza vichujio. Fungua machaguo ya utafutaji yaliyo pembeni ya kisanduku cha kutafutia, na katika nafasi ya maneno yanayopaswa kuwemo andika hivi: (filename:png OR filename:jpg OR filename:jpeg OR filename:gif) -to:me. Sehemu ya kwanza inatafuta majina ya faili za picha, na ile ya mwisho, yenye alama ya kutoa, inachagua barua ambazo anwani yako haionekani miongoni mwa wapokeaji. Taka nyingi hutumwa kwa orodha iliyofichwa, ilhali mzazi huiandika anwani ya shule waziwazi. Kisha, katika nafasi ya ukubwa, taja barua zilizo chini ya KB 300. Kigezo hiki kinastahili maelezo, kwa sababu ndicho kinachowaokoa wazazi wengi: mtumaji wa taka hutuma nakala kwa wingi mno, kwa hiyo huifanya picha yake kuwa nyepesi, aghalabu kilobaiti makumi kadhaa, ilhali stakabadhi iliyopigwa kwa kamera ya simu na kutumwa jinsi ilivyo mara nyingi huzidi megabaiti moja. Hakiwaokoi wote. Picha iliyopitia WhatsApp kwanza hubanwa ikawa nyepesi, na ndiyo sababu nyingine ya kutenga badala ya kufuta.

Ukibonyeza kutengeneza kichujio, chagua barua iruke kikasha na iwekewe lebo, kwa mfano “Picha za kukagua”. Gmail haina, miongoni mwa amri za kichujio, amri ya kuipeleka barua kwenye folda ya taka, na kwa shughuli yako hilo ni jema, kwa maana folda ya taka hufutwa yenyewe baada ya siku 30, ilhali barua yenye lebo hubaki mpaka uifute. Pitia lebo hiyo kila siku kwa saa uliyoipanga. Ukikuta taka, usiifute tu, bali iripoti kuwa taka, kwa sababu ripoti hiyo ndiyo inayoufundisha mfumo wa Google kuwatambua watumaji wa namna hiyo.

Anwani za ofisi mnazoshughulika nazo mara kwa mara ziwekewe kichujio chao, chenye amri ya kutopelekwa kamwe kwenye taka. Zitaje pia ndani ya kile kichujio cha kwanza kwa -from: ili zisiguswe nacho, maana Gmail hutekeleza vichujio vyote vinavyoihusu barua, na kimoja hakikifuti kingine. Taja anwani kamili za watu unaowafahamu. Ukiruhusu kikoa kizima, yaani jina linalofuata alama ya @, cha mtoa huduma kama Gmail au Yahoo, utakuwa umefungua mlango ambao tapeli yeyote anaweza kuupita.

Kuhusu vichujio vyako vya maneno, vipunguze. Neno “mkopo” peke yake litakamata hata barua kuhusu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambazo wahitimu wenu wa kidato cha sita wanazihitaji kwa wakati.

SWALI: Je, kuifungua tu barua yenye picha kunaweza kunidhuru, au ni mpaka nibofye? Natumia simu, na kifurushi changu ni kidogo.
Mfanyabiashara wa vitenge, Mwanza

JIBU: Kuna picha za aina mbili. Ya kwanza imo ndani ya barua yenyewe, na kuitazama hakumpi mtumaji taarifa yoyote. Ya pili haimo. Barua ina maelekezo tu ya kuiita kutoka kwenye seva ya mtumaji pale unapoifungua, na kila mpokeaji anaweza kupewa anwani ya picha iliyo yake peke yake, hivyo seva ikiulizwa picha hiyo mtumaji anajua kwamba anwani yako iko hai na inasomwa. Picha ya namna hiyo inaweza kuwa ya pikseli moja tu, isiyoonekana kabisa kwa macho. Tangu Desemba 2013 Gmail huzipitisha picha hizo kwenye seva za Google, kwa hiyo mtumaji haoni anwani ya mtandao ya simu yako, ingawa bado anaweza kujua kwamba barua imefunguliwa. Programu ya barua ya Apple ilileta kinga ya kukabili jambo hilo mwaka 2021, na Thunderbird huzizuia picha za mbali mpaka uziruhusu.

Katika mipangilio ya Gmail kuna chaguo la kuulizwa kabla picha za nje hazijaonyeshwa. Liwashe, litakulinda, na litakupunguzia pia matumizi ya kifurushi. Lakini hatari kubwa zaidi kwa mtumiaji wa simu ni nyingine: mara nyingi picha nzima imefanywa kuwa kiungo, na kidole kilichokusudia kuikuza tu kinafungua tovuti ya tapeli. Barua ikiwa na dalili hizi, usiiguse picha hata kidogo. Iripoti ukiwa kwenye orodha ya barua, bila kuifungua.

SWALI: Chama chetu cha ushirika wa akiba na mikopo kina kikoa chake na seva yake ya barua, inayotumia Linux, Postfix (programu ya kupokea na kutuma barua) na SpamAssassin (kichujio cha taka). Nimesikia kwamba kuna programu inayoweza kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha. Je, inafaa kwa seva ndogo kama yetu? Baadhi ya wajumbe wa bodi wanataka tununue huduma ya nje.
Fundi wa mifumo, Moshi

JIBU: Ndugu fundi, programu ipo na inafaa, mradi iwe ya mwisho katika mstari wa ukaguzi. Nitaanza na yale yanayotangulia, kwa sababu makosa mengi hutokea hapo.

Kusoma picha moja kunaigharimu seva muda na nguvu nyingi kuliko kipimo kingine chochote cha kawaida, kwa hiyo barua nyingi iwezekanavyo zikataliwe mlangoni kabla ya kufikia hatua hiyo. Picha za hisa za mwaka 2006 zilitumwa kwa sehemu kubwa na kompyuta za watu wa kawaida zilizokuwa zimeambukizwa na kudhibitiwa kutoka mbali, na kompyuta za namna hiyo bado zinatumika. Orodha za anwani za mtandao zenye sifa mbaya, kama ile ya Spamhaus, huzitambua nyingi kati yake. Kumbuka tu kwamba Spamhaus haijibu ipasavyo maulizo yanayopitia seva za DNS za umma kama 8.8.8.8, kwa hiyo weka seva yako ya kutafutia majina. Kukataa kwa muda nako kunasaidia: seva humwambia mtumaji asiyefahamika ajaribu tena baadaye, na seva halali hurudi, ilhali programu nyingi za taka hazirudi. Baada ya hapo yafuate SPF, ambayo ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa fulani. DKIM, ambayo ni saini ya kidijitali. Na DMARC, ambayo ni tamko la mwenye kikoa kuhusu barua zisizofaulu vipimo hivyo.

Barua iliyovuka yote hayo ndiyo SpamAssassin huipa alama, na kwa kawaida ikifikisha alama 5 huhesabiwa kuwa taka. Kanuni za kundi la HTML_IMAGE_ONLY hupima ni maandishi kiasi gani yameambatana na picha. Ile yenye 04 mwishoni huhusu barua ambayo maneno yake hayazidi baiti 400, na nyingine huendelea kupanda hadi 32, yaani baiti 3,200. Kundi la HTML_IMAGE_RATIO hulinganisha maandishi na eneo la picha. Kishawishi cha fundi aliyechoka na malalamiko ni kuzipandisha kanuni hizi alama ili moja peke yake iitupe barua nje. Nakusihi usifanye hivyo. Barua ya tawi lenu la kijijini iliyopigwa picha kwa simu itapata alama zilezile, na hapo ndipo mwanachama anapokosa mkopo wake bila yeyote kujua kwa nini. Alama hizi zijumlishwe na nyingine. Zisihukumu peke yake.

Sasa tuje kwenye kusoma picha. Mwaka 2006 palitokea nyongeza ya SpamAssassin iitwayo FuzzyOcr, iliyosoma maandishi ya picha na kuyalinganisha na orodha ya maneno, ikikubali kwamba herufi moja au mbili zinaweza kusomeka vibaya. Walaghai walijibu upesi. Waliinamisha mistari, wakazipinda herufi, wakatapakaza nukta za rangi nyuma ya maandishi, wakaikata picha moja vipande vingi vilivyopangwa ndani ya jedwali, na wengine wakatumia GIF zenye tabaka kadhaa ambazo kila moja peke yake haina maana. Kwa njia hiyohiyo walizishinda orodha za alama za utambulisho wa faili, kwani ukibadilisha pikseli moja tu, alama ya utambulisho ya faili nzima hubadilika, ingawa jicho la mtu halioni tofauti yoyote. Ninayaeleza haya ili usitarajie muujiza. Picha ya tapeli mvivu itasomeka. Picha iliyovurugwa kwa makusudi huenda isisomeke.

Kwa seva yako ningetumia nyongeza ya ExtractText, iliyokuja na SpamAssassin 4.0 mwishoni mwa mwaka 2022. Hiyo huipeleka picha kwa programu ya nje, kama Tesseract, kisha huyarudisha maandishi yaliyopatikana ili yapimwe kama maneno mengine ya barua. Tesseract, iliyoanzishwa katika maabara za Hewlett-Packard katika miaka ya 1980 na kuachiwa huru mwaka 2005, ina faili la lugha ya Kiswahili linalotambulishwa kwa herufi swa. Lisakinishe pamoja na lile la Kiingereza, kwa sababu bila hilo programu itayasoma matangazo ya Kiswahili kwa kukisia kwa macho ya Kiingereza. Weka ukomo wa muda kwa kila picha, na uziruke zile zenye uzito mkubwa.

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi kwenu. Maneno “mkopo”, “riba”, “dhamana” na “marejesho”, ambayo kwa ofisi nyingine ni dalili ya taka, kwenu ni kazi ya kila siku. Orodha ya maneno uliyoichukua kwa mtu mwingine itawatupia nje wanachama wenu. Njia sahihi ni kukifundisha kichujio kwa barua zenu wenyewe kwa amri ya sa-learn, ukikipa taka halisi na barua halali halisi. SpamAssassin haianzi kutumia mafunzo hayo mpaka iwe imeona angalau barua 200 za kila upande. Zikusanye kwa subira, ukihakikisha kwamba upande wa barua halali una hati nyingi zilizopigwa picha. Weka pia report_safe kuwa 0 ili barua iliyoshukiwa isifungwe ndani ya nyingine, bali iongezewe tu kichwa cha X-Spam-Flag, kisha kanuni fupi ya Sieve, lugha ya kupanga barua ndani ya seva, iipeleke kwenye folda ambayo mwenye sanduku anaiona.

Wajumbe wa bodi nao wana hoja. Ikiwa wewe ndiwe fundi pekee na hakuna anayekushika mkono ukiwa likizo, huduma ya nje ni uamuzi wa busara. Mkataba wake usomwe pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa sababu barua za wanachama, zenye mishahara na madeni yao, zitapitia kwenye seva za kampuni nyingine, na sheria hiyo ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi.

SWALI: Ofisini kwetu, ambako tunashughulikia utoaji wa mizigo bandarini, zimeanza kuja barua zinazodai kutoka kwa idara yetu ya kompyuta. Zina picha moja ya msimbo wa QR na agizo la kuuskani kwa simu ili nywila isikwishe muda. Kichujio chetu hakizikamati. Je, tuzizuie barua zote zenye msimbo wa QR?
Mhasibu, Mombasa

JIBU: La, msizizuie zote, na wewe kama mhasibu unaijua sababu: ankara za kodi zinazotolewa kwa eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, hubeba msimbo wa QR wa kuzihakiki. Mkizuia kila msimbo, mtazuia ankara za wateja na wasambazaji wenu.

Msimbo wa QR ulibuniwa mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave ya Japani kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na tangu mwaka 2023 umekuwa chombo kinachopendwa na wezi wa nywila. Kwao una faida mbili. Kiungo hakionekani kwa kichujio kinachosoma maneno, na hata programu ya kusoma herufi ndani ya picha haiwezi kukisoma, kwa kuwa si herufi. Kinahitaji kifaa chake cha kuusoma msimbo, kama maktaba ya programu iitwayo ZBar. Pili, na hili ndilo baya zaidi, agizo la kuuskani linamhamisha mfanyakazi kutoka kompyuta ya ofisi, yenye kinga mlizoziweka, hadi kwenye simu yake binafsi, ambayo mara nyingi haina kinga hizo. Wako pia walaghai wanaoujenga msimbo kwa vijisanduku vya maandishi ili hata kinachotafuta picha kisione picha.

Kwa hiyo kichujio chenu kikamate dai la mtumaji badala ya picha. Mwombeni msimamizi wa barua aweke kanuni ya namna hii: barua iliyotoka nje ya kikoa cha kampuni, lakini jina la mtumaji linalosomeka lina jina la kampuni yenu au maneno kama “idara ya kompyuta”, itengwe kwa ukaguzi. Aongeze pia onyo juu ya kila barua iliyotoka nje. Idara halisi iko ndani ya kikoa, kwa hiyo kanuni hii haitaigusa. Wafanyakazi nao wafundishwe kusoma anwani ambayo simu huionyesha kabla ya kuifungua: msimbo wa ankara ya KRA unapaswa kuelekea kwenye anwani ambayo jina la tovuti yake linaishia na kra.go.ke kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata baada ya https://, na jina lolote linalofuatwa na nukta na maneno mengine baada ya hapo ni la mtu mwingine. Uthibitisho wa hatua mbili uwekwe kwenye akaunti zote. Ikiwa yupo aliyekwisha kuandika nywila yake huko, ibadilishwe leo, vikao vyote vilivyo wazi vifungwe, na pakaguliwe kama ndani ya sanduku lake hapajawekwa kanuni ya kusambaza barua kwenda nje, maana hiyo ndiyo alama ambayo wezi huiacha mara nyingi.

SWALI: Shirika letu dogo hutuma jarida kwa wanachama kila mwezi. Tunalitengeneza kama bango zuri, tunalihifadhi kuwa picha moja ya JPEG na kulituma bila maneno mengine. Wanachama wengi wanasema linaingia kwenye taka. Tumekosea wapi?
Mratibu, Kisumu

JIBU: Ndugu Mratibu, kwa kichujio jarida lenu lina umbo lilelile la taka tuliyoieleza hapo juu: picha moja, maandishi hakuna, wapokeaji wengi. Kichujio hakina njia ya kujua kwamba nia yenu ni njema, na si haki kumlaumu mwanachama aliyeweka kichujio hicho ili ajilinde.

Yaandikeni maneno yenyewe kama maneno. Tarehe ya mkutano, mahali, ajenda na namba ya malipo ya M-Pesa viwe maandishi ya kawaida ndani ya barua, na bango liwe pambo lililowekwa chini yake, likiwa na maelezo mbadala yanayosema lina nini. Sababu ya kufanya hivyo haiishii kwenye vichujio. Mwanachama asiyeona hutumia programu inayomsomea barua kwa sauti, na programu hiyo ikikutana na picha yenu haisomi neno lolote. Kwa miezi yote ambayo mmetuma bango tupu, yeye hakupata jarida. Mwanachama aliye mahali penye mtandao hafifu naye aliona kisanduku kitupu.

Upande wa kiufundi, tumeni kwa kikoa chenu wenyewe, kikiwa na SPF, DKIM na DMARC. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamevidai vyote vitatu kwa watumaji wakubwa, ambao kwa Gmail ni wale wanaofikisha barua 5,000 kwa siku, na wanataka malalamiko ya taka yasifikie asilimia 0.3 ya barua zilizotumwa. Ninyi hamfiki huko kwa wingi, lakini mtumaji mdogo aliyethibitishwa huaminiwa kuliko asiyethibitishwa. Wekeni kiungo cha kujiondoa kinachofanya kazi kwa mbofyo mmoja. Asiyelitaka jarida na asiyeona njia ya kujiondoa huliripoti kuwa taka, na ripoti yake huwaumiza wanaolitaka.

Waombeni wanachama ambao jarida limekwama kwao waliondoe kwenye taka kwa kuonyesha kwamba si taka, na waiweke anwani yenu katika orodha yao ya anwani. Toleo lijalo mlitume kwanza kwenye anwani zenu za majaribio, moja ya Gmail, moja ya Yahoo na moja ya Outlook, mfungue vichwa vya barua hizo, na msilitume kwa wanachama mpaka mmeona kwamba vipimo vyote vitatu vimeandikwa “pass”.